Ombi la Kuondolewa Umiliki wa Gari la Bluu

Oulu, 3 Oktoba

Kwa Bw. Raimo Kettukangas,
Baba yangu mzazi,
Kajaani.

YAH: KUONDOLEWA UMILIKI WA GARI LA BLUU

Baba,

Natumaini mgongo unaendelea vizuri. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatujawahi kumaliza jambo lolote lisilohusu injini.

Miaka saba iliyopita, nilipopata nafasi chuoni, ulinikabidhi gari hilo ukasema, "Hili halitakugharimu kitu." Nimeitafakari kauli hiyo kwa muda mrefu, na sasa nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Gari lina umri wa miaka ishirini na miwili. Kila mwaka nalipeleka kwenye ukaguzi kwa hofu ambayo sikuwa nayo hata siku ya kutetea tasnifu yangu. Safari hii mkaguzi alilizunguka, akainama, kisha akaniuliza kwa upole kama nina ndugu wa karibu. Sakafu upande wa abiria imeliwa na kutu. Wageni wangu huombwa wakae wameinua miguu.

2. Kila jioni ya baridi kali nashuka ghorofa nne kwenda kuchomeka waya wa umeme wa kupasha injini joto, la sivyo asubuhi haliwaki. Eetu, aliyekuwa mchumba wangu, alivumilia majira mawili ya baridi. Ya tatu yalipofika akawa ananiambia bila kuinua macho kitabuni, "Haya, nenda. Msalimie mume mwenzangu." Mwezi Machi aliondoka kwa basi. Basi lilifika kwa wakati.

3. Simu za Jumapili. Mama huniuliza kama nimekula, kisha anakupa wewe. Wewe huuliza, "Linawaka?" Linawaka. "Oili umepima?" Nimepima. Halafu tunasikilizana tukipumua, mpaka uniambie niwe mwangalifu na barafu, hata ikiwa Julai, katikati ya majira ya joto. Nilipopata shahada ya uzamili uliuliza kama linawaka. Eetu alipoondoka uliuliza kama linawaka, nikasema haliwaki. Ulikuja siku hiyo hiyo na betri mpya. Ya zamani ilikuwa nzima, na uliiona kuwa ni nzima. Ukafunga mpya hata hivyo.

4. Matairi. Kila Oktoba na kila Aprili unaendesha kilomita mia moja na themanini, unabadilisha matairi manne uwanjani kwangu, ya baridi kabla ya theluji na ya kiangazi ikishayeyuka, unakunywa kahawa umesimama kwa kuwa viatu vina tope, na unarudi zako. Aprili iliyopita, kwenye tairi la tatu, ulishika paa la gari ukasema unatazama ndege. Nami nilitazama. Hakukuwa na ndege. Mama anasema daktari amekukataza kuinua chochote kizito kuliko ndoo ya maji, nawe umemjibu kwamba tairi si ndoo.

Kwa mtiririko huo, gari lisilogharimu kitu limekwisha kuchukua sakafu, jioni zangu na mchumba, na sasa linamtaka baba. Naiona bei hiyo kuwa kubwa kwa gari lisilo hata na kiyoyozi.

Hivyo basi naomba ridhaa yako liuzwe kabla ya theluji. Mnunuzi yupo, anataka milango tu. Mimi nitapanda baiskeli hata Januari, kama watu wengine wote wa Oulu, na wewe utapumzika.

Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi, maana kwa mdomo najua utakachouliza. Msalimie Mama, msalimie Bi. Huttunen wa jirani na mbwa wake, na wale wazee wote wa duka la vipuri wanaoijua giaboksi yangu kuliko wanavyonijua mimi.

Ni mimi binti yako mtiifu,
Henriikka

Nyongeza: Mkabala na nyumba yangu kuna fundi anayebadilisha matairi yote manne kwa nusu saa. Nimelijua hilo tangu mwaka wa kwanza. Mnunuzi amekuja leo mchana, nikamwambia gari haliuzwi. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, siku yako ya matairi, utakuta matairi ya baridi yameshafungwa na hakuna kazi yoyote ya kufanya. Njoo hivyo hivyo.