Kitambaa Cheusi cha Kupimia Tope

Wananchi wajulishwe kwamba tope la majitaka ya Kariakoo limekwisha. Halikuzolewa, wala hakuna aliyechafua mikono. Lilikwisha ofisini Posta, Jumanne saa nne asubuhi, baada ya chai na vitumbua, kwa azimio la Kamati ya Upunguzaji wa Tope Ziada.

Kabla ya hapo tope lilipimwa na Evarista, mama mwenye buti za mpira na miaka kumi na tisa ya kazi kwenye bwawa la majitaka nyuma ya Gerezani. Alizungushia ufito mrefu taulo jeupe, akauzamisha mpaka ukagonga sakafu, akautoa na kupima sehemu iliyochafuka. Taulo lilisema mita moja na robo. Akaandika mita moja na robo, maana hakufundishwa kuandika kingine.

Kamati ilikaa vikao vitatu ikagundua kiini cha tatizo: taulo. Mkurugenzi Pantaleo, bingwa wa maneno marefu, akatoa waraka kwamba weupe unachochea tope, hivyo vipimo vyote vitumie kitambaa cheusi. Likanunuliwa jora zima. Kitambaa kiliingia cheusi kikatoka cheusi. Tope sifuri. Wajumbe wakapongezana.

Evarista akaandika tena mita moja na robo. Akaletewa barua: ajieleze ndani ya siku saba kwa nini tope lake haliendani na takwimu za taasisi, la sivyo kazi hana. Aliogopa, tusifiche, ana wajukuu wanne wanaomtegemea. Lakini hasira ilizidi hofu. Alijua mvua zikinyesha bwawa litarudisha mzigo kwenye vyoo vya wachuuzi na mama ntilie, ambao kwenye vitumbua hawakualikwa.

Siku ya saba ikawa siku ya sherehe. Mgeni rasmi alifika, ngoma ikapigwa. Pantaleo, ndani ya suti nyeupe, alifafanua kwamba tope likiwa halipo, basi majani yaliyoota juu ya bwawa ni ardhi iliyokombolewa, na mgeni rasmi atapanda hapo mti wa kumbukumbu.

"Bosi, usikanyage," Evarista alimwambia. "Hayo majani yanaelea tu."

"Mama, wewe barua yangu hujaijibu bado."

Akachukua mche, akatangulia kuonyesha njia. Njia ya mwongo ni fupi; yake ilikuwa hatua mbili.

Makuli waliokodiwa kupanga viti ndio waliomvuta kwa kamba kutoka topeni. Akasimama mbele ya hadhara, mweupe juu, mweusi chini, mstari umenyooka kifuani. Mgeni rasmi akauliza tope lina kina gani.

Evarista akatoa futi mfukoni, akapiga goti, akaweka ncha kwenye kisigino cha Mkurugenzi na kuivuta hadi kwenye mstari. Suti ilikuwa nyeupe, kwa hiyo kipimo kilisomeka vizuri kabisa.

"Mita moja na robo, mheshimiwa," alisema. "Na hayo ndiyo maelezo yangu. Naomba yapokelewe."