Bluzi, si Blauzi

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya tisa bila mke wangu. Yuko kwa dada yake, mtaa wa pili. Kosa langu eti ni cherehani! Nilibadilishana na fundi redio: yeye akachukua cherehani ya mke wangu, mimi nikachukua spika yake kubwa yenye magurudumu. Ningemuuliza mke wangu kwanza, angekataa. Ndiyo maana sikumuuliza.

Nyumba imepooza. Sikujua kuwa huamshwa na mlio wa cherehani mpaka nilipolala hadi saa nne.

Mpango: Jumamosi alasiri, ukumbi wa shule, mimi peke yangu, sauti na kinanda cha mdomo. Bluzi tupu! Bluzi ni muziki wa walioachwa, na sifa zote ninazo. Atasikia, atalia, atarudi.

Jumanne, 5 Machi
Nimekutana na shemeji, dada yake mke wangu, bombani. Nikamweleza mpango. Akauliza kwa nini nisiende tu nikaseme samahani. Nikamfafanulia: samahani ina silabi nne, na pale kinanda kinataka mbili. Akaniangalia kama ndoo iliyotoboka. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, akajitwika maji yake.

Wivu!

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Tundu la nne la kinanda limeziba. Makombo ya biskuti, mfukoni. Mke wangu alikuwa akilisafisha kwa sindano kila Ijumaa, bila kuambiwa. Nimejaribu kwa kijiti cha kiberiti. Kimevunjikia ndani.

Nikakaa kitandani upande wake. Nikalia. Kisha nikajizuia, machozi yasije yakaisha kabla ya Jumamosi.

Alhamisi, 7 Machi
Mabango yamebandikwa mtaa mzima: MAONYESHO MAKUBWA YA BLAUZI! MWANAMUME MMOJA! BURE! Nikamwendea mchora mabango nikiwaka moto. Akasema bluzi hajawahi kuisikia, alidhani nimekosea kuandika, akanisitiri. Tena hakudai shukrani.

Nimeamua kunyamaza. Watu ni watu.

Jumamosi, 9 Machi
Ukumbi umefurika! Wanawake watupu. Fundi redio mlangoni, akicheka mpaka anashika mbavu. Na safu ya tatu, mke wangu! Fundi wa nguo hawezi kukosa maonyesho ya blauzi.

Wimbo wa kwanza: bibi mmoja aliuliza blauzi zinatoka saa ngapi. Wa pili: spika ilinguruma, watoto wakalia. Nikaizima. Wa tatu niliimba bila spika, kuhusu nyumba isiyo na mlio asubuhi. Nikafika penye noti ya tundu la nne, ikatoka pumzi tu. Nikapuliza tena. Pumzi tu. Yule bibi akajifuta macho kwa upindo wa nguo. Mke wangu aliinamisha kichwa.

Baadaye alinijia. Akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akatoa kile kijiti, akanirudishia kinanda. Akasema wanawake kumi na saba wamemwomba awashonee, maadamu wameshakuja, naye hawezi kushona kwa meno. Cherehani ikiwa nyumbani kesho kabla jua halijazama, atarudi. Isipokuwepo, nisimtafute tena.

Nilitaka kusema neno. Nikapuliza noti mbili. Akangoja kidogo, kisha akaenda zake.

Jumapili, 10 Machi
Fundi redio amekubali: nirudishe spika, nichukue cherehani. Niliikokota mpaka mlangoni kwake. Cherehani niliiona dirishani, imefunikwa kitambaa cha mke wangu chenye maua. Moyo uliniuma sana.

Ndipo akili ikanijia. Jana walilia spika ikiwa imezimwa. Je, ingewashwa? Na wanawake kumi na saba watakuja kwangu kupimwa blauzi, wamekaa, hawana pa kwenda! Hadhira hiyo niiimbie bila spika?

Nimeirudisha spika nyumbani. Jua linazama. Mke wangu ataelewa, maana namtungia wimbo wa kumweleza. Tundu la nne sasa linalia vizuri ajabu. Samahani tu ndiyo bado haiingii. Nimeikata mwanzo, ikabaki hani. Hilo ni neno la msibani. Nimelifuta.