Mpangaji Anayenikimbiza na Kodi

Jumamosi, 4 Machi
Mwezi wa tatu sasa naikimbia kodi ya nyumba. Ndiyo, mwenye nyumba ndiye anayekimbia! Bi Inshirah wa ghorofa ya tatu ana mkataba wa zamani, kodi yake haifiki bei ya kilo ya nyama, na sheria hainiruhusu kumtoa. Ila asipolipa, anatoka. Na hatalipa, maana hanipati. Baba wa mchumba wa mwanangu Ihab keshasema: bila nyumba kabla ya Ramadhani, hakuna harusi. Kijana hali, halali.

Jumapili, 5 Machi
Kaja Bi Inshirah. Sahani ya keki ya basbusa, na kitambaa kilichofungwa fundo, kinalia chuma. Yaani analipa kwa chenji! Nikajibana nyuma ya friji. Mke wangu Awatif nilimwagiza aseme niko safarini, mjini Tanta. Akasema, huku analitazama friji. Bibi akaacha basbusa, akarudi na kitambaa chake. Awatif anasema nina wazimu, nikamsikilize mama wa watu. Hajui sheria huyu. Basbusa tamu.

Jumanne, 7 Machi
Nimetoka foleni ya mkate, nimeitandaza mikate juu ya boneti ya gari la watu ipoe. Nyuma yangu: "Haji Wagdi, simama basi, nina neno na wewe, miguu yangu mibovu." Nikatoka mbio na miaka yangu sitini na mbili. Mikate ikabaki, ndara moja ikabaki. Jioni nimevikuta mlangoni, ndara imepanguswa. Mjanja sana.

Alhamisi, 9 Machi
Wakili kaandika notisi: hajalipa tangu Januari, ahame. Tarishi wa mahakama kampelekea. Nimemwambia Ihab achague rangi ya kuta.

Jumapili, 12 Machi
Naandika nimejilaza. Bi Inshirah kasimama kwenye ngazi na notisi, majirani wote milangoni. Kumbe kila nikimkwepa, kodi anaiweka mahakamani, na kisheria amelipa. Stakabadhi anazo. Halafu akafungua kitambaa. Funguo! Anahamia kwa bintiye Aleksandria, nyumba alitaka kumwachia Ihab iwe zawadi ya harusi, bila kudai hata pauni. "Wiki nzima nakukimbilia nikupe nyumba yako, wewe unaniletea tarishi? Sasa sihami. Humu nitatoka kwa jeneza." Akalifunga fundo. Ihab akashuka ngazi.

Jumatatu, 13 Machi
Asubuhi Awatif na Ihab walipanda kumwomba radhi. Kilio chao nimekisikia huku chini. Wametoka sasa, wamekwenda sokoni, na mlango unagongwa. Nimechungulia. Bi Inshirah, na kitambaa kile kile, kinalia.

Mimi sidanganywi mara mbili. Safari hii ni kodi, hakuna kingine. Niko nyuma ya friji, naandikia gotini. Anaita jina langu, anasema nifungue mara hii moja tu, gari la Aleksandria linamngoja. Nimemjibu kwamba niko Tanta.