Kona Tatu za Mlima wa Changarawe

Jumamosi, 20 Desemba

Binamu yangu Hirsi amefika kutoka Norwe. Viatu vyake ni vyeupe. Yaani vilikuwa vyeupe mpaka getini.

Nilikuwa nimeandaa salamu nzuri tangu asubuhi. Nafasi sikuipata. Ayeeyo Arbia, nyanya yetu, alinishika bega akamwambia Hirsi kwa fahari kwamba huyu ndiye Nishushe.

Nishushe! Mimi naitwa Kulow. Niko Kidato cha Tatu. Nimesoma karibu kila kitabu cha maktaba ya shule, hata kile cha magonjwa ya nyuki. Lakini mwezi wa nane Abti Deeq, mjomba wangu, alinichukua kwenye lori lake tupeleke mbuzi mji wa Maua, huko milimani. Barabara ikaanza kupanda na kujipinda. Mimi ni mtu wa Garissa. Hapa ukidondosha chungwa, linakaa pale pale likikungoja. Kona ya kwanza nilifumba macho. Ya pili nilishika ndevu za Abti. Ya tatu nilipiga ukelele: "Nishushe!" Akanishusha. Nilipanda mlima kwa miguu, nyuma ya lori, mbuzi wakinitazama njia nzima. Bibi mmoja aliyebeba kuni alinipita.

Kwetu jina la utani si mchezo. Babu aliitwa Kijiko mpaka kaburini, kwa sababu ya kijiko kimoja tu. Na Alhamisi dada yangu Sadia anaolewa! Wakwe wanatoka Takaba, jamaa wengine Mandera. Wakilisikia wataondoka nalo, na jina likishavuka mji wa Modogashe, kwenye njia ya kaskazini, halirudi. Kwa sasa liko Garissa peke yake. Matumaini yapo.

Wakati wa chakula Hirsi alisimulia jinsi baba yake anavyowaendesha kila majira ya baridi kwenda kwenye hoteli ya kuteleza thelujini, juu mlimani. Barabara nyembamba kama ukanda wa ndala. Huku mwamba, kule hakuna kitu. Mara moja walirudi nyuma kulipisha basi lililokuwa linashuka, gurudumu moja likaning'inia hewani. Shangazi zangu walisema subhanallah. Ayeeyo aliacha kutafuna.

Mimi nayajua mambo hayo. Maktaba ina kitabu, cha msaada kutoka ng'ambo, kilichoandikwa kwa madereva wa barabara hizo hizo, na ni mimi peke yangu niliyewahi kukiazima. Nikasema, kwa sauti niliyodhani ni kubwa, kwamba kwa kanuni anayepanda ndiye hupishwa. Basi ndilo lililopaswa kurudi nyuma.

Hirsi aliniuliza kwa adabu kama nimewahi kuendesha mlimani. Ayeeyo alinijibia. Alisema huyu wa kwetu milima huwa anaitembea.

Walicheka hadi chai ikapoa.

Jumapili, 21 Desemba

Wazo! Watu hawaamini wanachosikia, wanaamini wanachoona. Nitawaonyesha barabara ya milimani, na dereva nitakuwa mimi. Nimekosa mlima, barabara, gari na theluji. Mengine yote yako tayari.

Saa nne: mlima umepatikana. Ni lile lundo la changarawe nyuma ya mtaa wetu, lililobaki barabara ilipomalizika. Urefu wake ni kama nyumba ya orofa moja. Mbuzi wa Ayeeyo hushinda juu yake. Kwa Garissa, huo ni mlima wa kutisha.

Saa sita: gari limepatikana. Nilimwendea Dubow, jirani yetu anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda. Punda anaitwa Waziri. Niliuliza kuhusu breki. Dubow alikasirika kidogo.

"Bunda yangu haitaki breki," alisema, maana herufi P humshinda. "Iko na akili."

Atanipa Waziri nikimzungushia maji jioni hizi mbili. Nilikubali haraka mno. Muuza maji lazima apige kelele "Maji!" getini. Mimi nilinong'ona. Hakutoka mtu. Bahati nzuri Waziri anawajua wateja. Akiona mtu ameshika mtungi mtupu wa manjano, huenda moja kwa moja mpaka miguuni pake, husimama, na hainui ukwato mpaka asikie maji yakimiminwa. Leo alimwona mama mmoja ng'ambo ya barabara akakata katikati ya pikipiki zote. Niliomba msamaha kwa kila dereva. Kwa kunong'ona.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimechonga barabara kwa jembe tangu alfajiri. Kona tatu kali! Upande huu ukuta wa changarawe, upande ule bonde. Kileleni nimesimamisha kipande cha turubai. Hiyo ndiyo hoteli.

Theluji ilinisumbua. Kitabu kinasisitiza theluji. Hatimaye nilipata jibu stoo: mfuko wa unga wa ngano. Niliupanda nao mlima, nikanyunyiza kuanzia hotelini hadi kona ya pili. Uzuri ulioje! Nilishuka chini ili niutazame vizuri kwa mbali.

Nilipogeuka, mbuzi walikuwa wameshakula majira yote ya baridi.

Jioni Ayeeyo alitikisa kopo la chumvi, kama kila siku. Kwa kawaida wakisikia mlio ule mbuzi huruka kutoka kileleni mpaka mikononi mwake walambe. Leo walikuja polepole, kama wazee wanaotoka karamuni. Ayeeyo aliangalia matumbo yao. Kisha aliangalia nyusi zangu, nyeupe kwa unga. Stoo sasa ina kufuli.

Maji nimeyazungusha. Nimefaulu kusema "Maji" mara moja kwa sauti. Mteja alishtuka, na mimi pia.

Jumanne, 23 Desemba

Kitabu kinasema usiende mlimani bila minyororo kwenye magurudumu. Nilichukua ule wa geti. Ulitosha gurudumu moja tu. Tulipojaribu, mkokoteni ulizunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Nilipoufungua, niligundua kwamba geti lisilo na mnyororo huingiza mbuzi wa mtaa mzima. Wawili walikuwa ndani ya hema la harusi. Mmoja alikuwa amelalia zulia la bwana harusi na alikataa kuondoka.

Hirsi nimemwalika awe abiria. Nilitegemea akatae. Alifurahi sana! Anasema hapa hana la kufanya ila kunywa chai na kuulizwa kama Norwe kuna ngamia. Alipanda mkokotenini kujaribu kiti, akapapasa huku na huku, akauliza mkanda wa usalama uko wapi. Ayeeyo alimsikia. Tangu saa hiyo anaitwa Mkanda. Sifichi, nililala vizuri mchana.

Halafu jambo kubwa. Ayeeyo aliniita faragha. Alisema ameuona ule uchimbaji wangu, na kuhusu unga tutaongea baada ya harusi. Lakini nikipanda na kushuka mlima wangu kesho bila kuomba kushushwa, yeye mwenyewe atanitambulisha kwa wakwe kwa jina nililopewa na baba yangu. Wallahi. Ayeeyo hajawahi kuvunja kiapo.

Usiku nimesoma tena kanuni. Piga honi kabla ya kona. Shuka kwa gia ndogo. Usitazame bondeni.

Jumatano, 24 Desemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Baada ya saa tisa tulianza kupanda. Ayeeyo alisimama chini na nusu ya mtaa. Sadia, mwenye hina mbichi mikono yote, alichungulia getini. Nyuma yangu Hirsi alikumbatia mtungi wa maji. Kona ya kwanza, nilipuliza filimbi badala ya honi. Waziri akapita. Kona ya pili, kijiwe kilidondoka bondeni. Sikukitazama! Kona ya tatu gurudumu moja lilipanda hewani, kama kwenye hadithi ya Hirsi, naye akanong'ona kwamba hapa ni pabaya kuliko kwao. Maneno matamu kuliko halwa. Tukafika hotelini. Watu wakapiga vigelegele. Mimi, kileleni, macho wazi!

Kilichobaki ni kushuka.

Hapo likatokea lori la Abti Deeq kutoka Takaba, limejaa wakwe, mapema kuliko tulivyowatarajia. Lilisimama chini ya mlima. Wazee wakateremka wakijikung'uta vumbi. Bibi mmoja alitaka maji ya kutawadha. Akainua juu mtungi mtupu. Wa manjano.

Waziri alimwona.

Barabara yangu ina kona tatu. Waziri hakutumia hata moja. Aliukata mlima wima! Hirsi alimwita mama yake kwa Kinorwe. Mimi nilifanya kitu pekee ninachokiweza. Nilitoa kitabu, nikafungua faharasa, nikatafuta breki. Niliona barafu, baridi, betri. Midomo ikicheza, kidole kikifuata mstari, changarawe ikitupita pande zote.

Tulisimama sawasawa mbele ya bibi. Mtungi wake haukuguswa.

Nilikuwa bado nasoma. Mzee Yahye, ami yake bwana harusi, mwenye ndevu nyekundu za hina, alisogea akauliza kijana huyu ni mtoto wa nani. Alisema ameona watu wengi wakikaribia kufa, wote hupiga kelele. Hajawahi kuona mmoja akitulia na kusoma dua.

Nilijaribu kumweleza kwamba nilikuwa kwenye herufi B. Nilinong'ona tu. Ayeeyo alinichukulia kitabu. Akaona jalada, gari jekundu ndani ya theluji. Akakificha polepole chini ya shuka yake, akamtazama Mzee Yahye usoni.

"Huyu ni Kulow," alisema.

Kulow! Mbele ya Takaba nzima! Mzee Yahye alisema hapana, huyu ni Sheikh. Wote wakaitikia.

Ilinibidi nimmiminie bibi maji. Waziri alikuwa amekataa kuondoka.

Alhamisi, 25 Desemba

Asubuhi ilikuwa ya ajabu. Sheikh, karibu hapa. Sheikh, chukua nundu ya ngamia. Mtu kutoka Mandera, ambaye hakuwapo jana, aliniambia amesikia nilishuka mlima nimefumba macho nikisoma kwa moyo. Hirsi alinitazama tu. Nilimpa nusu ya nundu anyamaze.

Nikah ikafungwa, alhamdulillahi. Chakula kikaisha. Hapo Mzee Yahye akasimama na maikrofoni. Alisema haiwezekani tutawanyike kabla Sheikh mdogo hajawapa maharusi neno moja kutoka katika yale aliyoyasoma mlimani.

Jukwaa lilikuwa lori la Abti Deeq, limetandikwa mazulia. Kabla sijatafuta mlango wa kutokea, Abti alinibeba kwapani, akaniweka juu, akanipa maikrofoni.

Sikukumbuka chochote ila kitabu. Nikasema mnaposhuka, shukeni kwa gia ndogo.

Wazee walifikiri. Mzee Yahye alitikisa kichwa taratibu kuafiki. Akamwambia jirani yake kwamba ndoa ni hivyo hivyo hasa.

Nikasema anayepanda apishwe.

"Mashallah!" alipaza sauti mzee mmoja huku akifuta machozi. Alikuwa na wake wawili.

Ningeishia hapo! Ningerudisha maikrofoni, ningekuwa Sheikh mpaka kaburini! Lakini waliomba neno la tatu. La tatu linasema usitazame bondeni, na nilipolifikiria, nikatazama. Bonde lilikuwa nyuso. Nyuso hadi ukutani, zote zimenikodolea macho. Lori lilianza kujipinda, ingawa lilikuwa limezimwa. Nikasikia sauti yangu, kubwa kama sijawahi kuisikia maishani, ikitoka kwenye spika nne na kwenda hadi mtoni Tana.

"Abti, nishushe!"

Abti Deeq akaanza kucheka. Akapanda mwenyewe, akapokea maikrofoni, akasimulia safari ya Maua tangu mwanzo. Ndevu. Kona ya tatu. Bibi wa kuni. Aliwaigiza hadi mbuzi. Mzee Yahye alicheka mpaka akashikiliwa. Hata bwana harusi, ambaye hakuwa amefumbua mdomo tangu asubuhi kwa woga, alicheka.

Ayeeyo aliniletea chai. Alisema kiapo chake ameshakitimiza. Alinitambulisha kama Kulow. Nishushe nimejitambulisha mwenyewe.

Ijumaa, 26 Desemba

Lori limeondoka na wakwe na Sadia. Sadia alilia. Mimi pia, kidogo, nyuma ya tangi. Kutoka juu ya mizigo walipunga mikono wakipaza sauti: kwaheri, Nishushe!

Jioni shangazi alipiga simu kutoka Mandera, akaomba aongee na Nishushe. Lori lenyewe lilikuwa bado halijafika hata Modogashe.

Hirsi ameapa Norwe hatamwambia mtu. Nami nimeapa hapa atabaki Hirsi. Ayeeyo alipita na birika akauliza kama Mkanda na Nishushe wataongeza chai.

Nimetafakari sana. Mtu msomi hakati tamaa, hutafuta chanzo cha kosa. Mlima ulikuwa mzuri. Waziri simlaumu. Nimekirudia kitabu chote na jibu nimelipata: kilichokosekana ni theluji. Theluji nzito hupunguza mwendo. Ingekuwapo, tungeshuka polepole kwa heshima, bila faharasa, bila usheikh, bila maikrofoni. Kosa lilikuwa kutumia kitu kinacholiwa na mbuzi!

Takaba kuna vilima halisi. Abti Deeq anarudi huko wiki ijayo na amekubali kunichukua. Alikubali akicheka, lakini amekubali. Wakwe wote watakuwapo kutazama. Mbuzi pia watakuwapo, mamia, na safari hii nimewashinda akili. Kitu cheupe, kizito, ambacho hakuna mbuzi atakayekigusa.

Magunia mawili ya chumvi yako chini ya kitanda changu.