Kikombe cha Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mwenzangu,

Leo muuguzi wa shule kaniita. Nilidhani ni habari ya panya wa stoo. Kumbe ni Sisimizi, mjukuu wetu. Majibu ya damu yamerudi: vitamini D iko chini, ndiyo maana miguu inamuuma akipanda ngazi. Muuguzi alinieleza polepole, bila kunifanya nijione mjinga. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia vizuri kalsiamu ya chakula, na mifupa inabaki laini. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua la nje. Daktari kaandika matone. Na shule ina maziwa yaliyoongezwa vitamini hiyo, kikombe kimoja kila mtoto, saa nne asubuhi.

Sasa aibu yangu. Tangu maziwa hayo yaanze, wiki mbili, Sisimizi hajagusa kikombe. Na mimi ndiye mtunza stoo ninayeyatoa!

Nilimpigia simu binti yetu. Hakupandisha sauti, jambo lililonitisha zaidi. Atakuja Ijumaa kuiona kadi ya maziwa, ile ambayo muuguzi huiwekea alama mtoto akinywa. Ikiwa haina alama hata moja, anamchukua mtoto akaishi kwake. Alisema, "Baba, sikulaumu. Lakini tangu Mama atutoke umebaki peke yako."

Nyumba hii bila Sisimizi! Nitabaki naongea na kabati.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa jua. Uwanjani kuna vumbi, nawe hukupenda mtoto apigwe na vumbi. Basi nimemketisha kwenye dirisha la stoo, kioo kimefungwa, mikono wazi, nusu saa nzima. Kioo nilikisugua kwa gazeti lenye unyevu, kama ulivyonifundisha. Mtoto akatoka jasho. Nikajipongeza.

Muuguzi akapita, akasimama. Akasema kioo kinapitisha joto na mwanga, lakini kinazuia ile mionzi inayotengeneza vitamini. Yaani nimemkausha mtoto kama nguo, faida hakuna. Lakini alivyolisema! Kama mtu anayekunyooshea kola kabla hujaingia kwenye mkutano. Kisha akamshika Sisimizi mkono, wakatoka nje wakatembea. Vumbi halikumla mtu.

Mama Mwiko, mpishi wa shule, alisikia yote kutoka jikoni. Akauliza kama kesho nitamwanika pamoja na vitunguu. Huyu tangu mwaka juzi anautamani ufunguo wa stoo.

Maziwa: hakunywa.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa mfano mwema. Nilisimama mbele ya darasa la pili nikanywa kikombe kizima, nikalamba midomo, nikafumba macho kwa raha. Watoto wakataka nirudie. Nikarudia. Mara nne! Sisimizi alipiga makofi kuliko wote. Kikombe chake kikabaki kimejaa, juu kimefanya utando.

Mchana wote nimeushinda mahali pasipoandikwa. Mama Mwiko kaniletea maji ya moto na tangawizi, akaweka mlangoni, akaondoka. Ana njama, nina hakika.

Alhamisi, 6 Machi

Naona haya kuandika, lakini wewe hukuwahi kunisema mbele za watu.

Mpango ulikuwa hivi: kuchukua kikombe cha Sisimizi, kujibanza nyuma ya makopo, kunywa, kurudisha kikombe kitupu. Muuguzi aweke alama. Binti yetu aione. Kila mtu afurahi.

Nilikunywa. Nikarudisha. Muuguzi akashika kalamu, akanitazama usoni, akaiweka chini. Akanipa kitambaa.

"Babu, futa masharubu. Asubuhi hukuwa nayo."

Nikamweleza yote. Simu, Ijumaa, nyumba itakavyokuwa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakutazama saa. Kisha akasema hawezi kumwandikia mtoto kikombe ambacho hakunywa, hata akinionea huruma, kwa sababu kadi haijengi mifupa. Namheshimu mwanamke yule mpaka namwogopa.

Sina mpango mwingine.

Ijumaa, 7 Machi

Binti yetu kafika kabla ya saa nne, na begi tupu la kuwekea nguo za mtoto. Nililiona. Kadi ikaletwa, nyeupe pe! Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mama Mwiko akatoka jikoni na vikombe viwili. Hakuniuliza mimi kitu. Akachuchumaa mbele ya Sisimizi.

"Eti mwanangu, bibi alikuwa anakupaje maziwa?"

"Alikuwa anayamimina juu, chini, juu, chini, mpaka yanafura povu," akasema Sisimizi. "Haya yamelala."

Mama Mwiko akasimama. Kikombe kimoja juu ya kichwa, kingine kiunoni. Maziwa yakashuka kama uzi, hata tone halikudondoka. Mara tatu. Povu likapanda. Mwenzangu, mkono wako ulifanya hivyo kila asubuhi mbele ya macho yangu, nami nilikuwa nangoja chai yangu tu.

Sisimizi alikunywa mpaka chini, akachungulia ndani kuona kama yamebaki.

Muuguzi akaweka alama. Moja tu, ya haki. Binti yetu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akalikunja begi. Mtoto atabaki. Kila Ijumaa binti yetu atapiga simu kuuliza maendeleo. Atamwuliza Mama Mwiko.

Nilikwenda jikoni kushukuru. Nikamwachia ufunguo wa stoo juu ya meza. Akaniambia niuchukue, yeye ana kazi za kutosha.

Jumapili, 9 Machi

Nimewaza. Watoto mia mbili na arobaini, na Mama Mwiko ana mikono miwili. Atachoka. Sasa: ndoo kubwa, mpira wa maji, na mimi juu ya paa la stoo. Maziwa yashuke kutoka juu kabisa. Povu la shule nzima kwa mpigo!

Sijamwuliza yeyote. Nikiuliza, watakataa. Leo nimejaribu uani kwa maji. Jirani kalowa, na Sisimizi kacheka mpaka akakaa chini. Kasoro ndogo tu. Kesho napanda na maziwa yenyewe.

Huko uliko, unikumbuke.