Kitambaa cha Meza cha Mama Mkwe

Jamani, leo nimejiaibisha mchana kweupe, tena kwa mikono yangu miwili. Nimerudi nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, naandika nikiwa nimekaa sakafuni. Nawaambia nyinyi niliosoma nanyi Unguja kwa sababu hapa Mahajanga wanaosoma Kiswahili ni wa kuhesabu (na leo namshukuru Mungu kwa hilo).

Mnamjua mama mkwe wangu, Bi Zainaba, kwa sifa. Miaka sita nimeolewa na mwanawe Nasiri, na miaka sita hajanisifu kwa lolote. Wali wangu una maji. Salamu yangu fupi. Sasa amehamia nyumba mpya kule Amborovy, na leo baada ya alasiri ilikuwa dua ya kuibariki. Nikasema hii ndiyo nafasi yangu. Meza yake ni ndefu ajabu, sokoni hakuna kitambaa kinachoitosha, naye hulalamika kila Ijumaa. Basi miezi mitano iliyopita nilimwagizia kwa fundi wa kutarizi wa kisiwani Nosy Komba. Nasiri aliipima meza kwa siri, kwa mkanda wake wa suruali, mama yake akiwa anaswali. Dada yangu anayekaa Nosy Be ndiye aliyekuwa akivuka kwa boti kumhimiza fundi. Leo asubuhi kifurushi kikafika stendi, nikakichukua, nikaenda nacho kazini.

Kazini ni chumba kimoja Tsaramandroso, feni imekufa tangu mwaka jana. Nafundisha Kiingereza kina mama kumi na mmoja wanaowauzia watalii vikapu na viungo. Mkubwa wao ni bibi mmoja mwenye asili ya Ngazidja, Zahara. Tunamwita Koko, yaani bibi. Leo aliingia amenuna.

"Leo nina mwaliko," akasema kwa Kikomoro, "na sina hata kijiko cha kupeleka. Nitaingiaje kwa watu mikono mitupu na uzee huu?"

Wenzake wakampa pole. Mimi nilikuwa natafuta chaki (kusikia nilisikia, ila kichwa hakikuwepo).

Somo lilikuwa lile lile la miaka mitatu. Kwa Kiingereza, ukitoa kitu, unaweza kumtaja anayepewa, kisha kitu chenyewe, basi. "I give Fauzia the pen." Ni kama sisi tunavyosema nampa Fauzia kalamu. Rahisi! Lakini hawa wamezoea Kifaransa, lazima wachomeke kineno "to" hapo katikati. Kila mara. Nikampa Fauzia kalamu, Fauzia akampa mwenzake, kalamu ikazunguka chumba kizima, na kosa likazunguka nayo. Mzunguko wa tatu Fauzia akapiga mwayo hadi nikaliona jino lake la mwisho.

Mimi naamini mwanafunzi huamka akiona kitu cha maana. (Na nilitaka kitambaa changu kionekane. Nakiri.) Nikafungua kifurushi. Cheupe! Pembeni majani, katikati ndege, matundu madogo madogo ya sindano kama wavu. Kila mmoja akanyoosha shingo. Nikamsimamisha Koko mbele, nikakishika kwa mikono miwili kwa adabu inayompasa mtu mzima, nikatamka polepole:

"I give Koko the tablecloth. Haya, chukua Koko."

Koko akachukua. Kwa mikono miwili naye. Akakitazama, akanitazama, machozi yakamtoka.

"Kumbe ulinisikia, mwanangu," akasema. "Mungu amenisitiri kwa mkono wako."

Nikafungua mdomo kueleza. Nilichelewa. Koko alishainua mikono na kuanza dua, akamwombea mama yangu, akaombea tumbo langu, akaombea hata feni. Wanawake kumi wameinua mikono. Ningefanya nini? Nikainua yangu. Nikasema "Amin." Kwa sauti!

Mnajua kwetu ilivyo. Kitu kimetolewa mbele ya watu, kimepokewa, kimeombewa dua. Ukikidai hapo, heri uhame mji. Lakini nilijaribu ujanja wa mwalimu.

"Vizuri sana, Koko. Sasa tugeuze. Koko gives me the tablecloth."

"Koko gives me the tablecloth," akarudia, safi kabisa, huku anakikunja na kukitia kikapuni.

Ikabidi nimpigie makofi. Fauzia akaninong'oneza, "Madamu, ule ulikuwa mfano tu, sivyo?"

"Fauzia, nyamaza."

Nikatoka pale mbio. Dua ilikuwa imekaribia. Bajaji ikasimama kwenye duka la njiani, nikanunua kilichokuwepo. Beseni. La plastiki, jekundu.

Nimefika Amborovy, wageni wamejaa, mama mkwe amekaa kwenye kiti kikubwa. Nikampa beseni. Akalitazama ndani kama kuna kitu. Hakuna.

"Ahsante," akasema. "Liweke jikoni."

Nasiri akanivuta pembeni. "Kitambaa kiko wapi?" Kabla sijajibu, mlangoni akaingia Koko Zahara na kikapu chake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Koko akakitoa kitambaa, akakitandika mezani mwenyewe. Kikakaa. Pembe kwa pembe, urefu sawasawa, pande zote zimening'inia kipimo kimoja. Wageni wote wakasema masha Allah. Mama mkwe akasimama, kwa kweli akasimama!

"Zahara! Umejuaje kipimo cha meza yangu? Umeiona mara moja tu!" Kisha akageuka, taratibu, upande wangu. "Wengine wanakula kwenye meza hii kila Ijumaa, hata miguu yake hawajui ni mingapi."

Nasiri akafungua mdomo. Nikamkanyaga. Kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilikuwa namtazama Koko. Aling'aa, jamani. Mwanamke aliyekuwa anaona haya kuingia kwa watu, sasa watu wanampisha apate kiti. Iliniuma, sitawadanganya, miezi mitano yangu ile pale mezani kwa jina la mwingine. Lakini ningemvua nguo bibi wa watu mbele ya wageni?

Nikadhani yameisha. Koko akaomba watu wanyamaze. Akajishika kifuani, akatangaza:

"I give Zainaba the tablecloth!"

Bila kosa! Chumba kikashangilia. Mama mkwe machozi yanamlengalenga. "Zahara, na Kiingereza? Nani kakufundisha?"

Koko akaninyooshea kidole. Watu wote wakanitazama. Mama mkwe akatikisa kichwa.

"Basi, Mariama," akasema, "na wewe mwombe Zahara akufundishe kutoa."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Anayetaka kucheka acheke, ila asimpigie simu Nasiri. Yuko kitandani na mguu kwenye beseni la maji ya chumvi, letu la nyumbani, na bado hajanisemesha.