Gari Nililolificha ili Tuongezewe Petroli

Jumatatu, 1 Februari 1988. Muleba.

Ukomo wa bajeti, yaani kiwango tusichoruhusiwa kukivuka, umefika kutoka Dar. Wametupunguzia petroli tena! Nimepiga meza mpaka chai ikamwagikia suruali ya kazi. Ninayo hiyo moja tu.

Nikampigia simu Karugendo, mhasibu wa polisi wa mkoa, kule Bukoba. Sauti tamu kama ya padri wa ubatizo. Kasema ukomo hauangalii shida zetu, unaangalia tulichotumia mwaka jana. Na mwaka jana Muleba tulirudisha fedha za petroli, kwa hiyo hatukuzihitaji.

Hatukuzihitaji! Tulizirudisha kwa sababu mkoa mzima haukuwa na petroli! Pampu zote kavu! Nani anunue kitu kisichokuwepo? Karugendo kasema hoja hiyo haina kasma, haina fungu lake kwenye bajeti.

Kasema pia kuna mtaalamu wa makisio kutoka Dar anakuja Alhamisi kutukagua. Vizuri sana. Mimi, Inspekta Buberwa, nitamwonyesha umaskini mpaka alie.

Jumatano, 3 Februari.

Limi kaja tena, yule Msukuma anayechuuza samaki kisiwani Bumbire. Wezi wamechukua injini ya mtumbwi wao na kumvunja mkono kaka yake, Mayunga. Kaniuliza: “Afande, wezi sasa wana injini mbili, moja ni yetu. Ninyi mna nini?”

Nikamjibu tuna mpango. Akaniangalia kama anavyoangalia samaki wa juzi.

Lakini mpango upo! Tuna gari moja tu, Land Rover kuukuu iliyobaki baada ya vita vya Amin, ina tundu la risasi mlangoni. Tatizo ni kwamba inatembea. Gari linalotembea halimlizi mtu wa Dar. Basi leo tumelisukumia ndani ya kibanja cha mzee jirani, tata Rwegasira, katikati ya migomba, tukalifunika majani makavu. Dereva wangu, Anatory, kalalamika: “Afande waitu, kuficha gari la serikali ni kesi.” Nikamwambia akate majani, asikate maneno.

Alhamisi, 4 Februari.

Mtaalamu ni mwanamke! Anaitwa Rozi, ana umri wa binti yangu na kikokotoo mkononi. Kaletwa na Karugendo aliyevaa tai.

Nikawapanga mbele askari waliochanika zaidi. Rozi akauliza gari liko wapi. Nikainamisha kichwa: “Lilikufa, mama. Tunatembea kwa miguu.” Na Bumbire mnafikaje? “Tunaogelea.”

Karugendo analijua gari letu vizuri. Akakohoa, akanyamaza. Labda ana moyo, sikuwahi kumdhania. Rozi akaandika, akaandika, akafungua ukurasa mwingine, kisha akasema pole sana.

Nimeshinda! Jioni nimewanunulia askari rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Jumamosi, 6 Februari.

Konstebo Mwijage kafariki jana hospitali. Ugonjwa ule ule wa kukonda. Nimeacha kuhesabu. Kasma ya mazishi iliisha Oktoba, kwa sababu waliipanga kwa kufuata mwaka ambao watu walikuwa bado hawajaanza kufa. Nani alikaa na kikokotoo akapanga hivyo? Nimtie ndani!

Mjane wake, Klaudia, hakupiga kelele. Aliomba tu gari la kumfikisha mumewe kwao Rubafu. Ningemwambia nini? Tukatoa majani, tukapakia jeneza.

Rubafu hufiki bila kupita Bukoba mjini. Na nani kasimama nje ya hoteli? Rozi! Alipoona jeneza akaweka mkoba chini, akasimama wima kwa heshima. Mimi nikainama mpaka pua ikagusa mbao. Nilipoinua kichwa alikuwa bado anatutazama.

Kule Rubafu mama wa marehemu, Kokugonza, alinishika mikono yote miwili akaishukuru serikali kwa gari. Sikujua niangalie wapi.

Jumatatu, 8 Februari.

Mwizi! Mwizi mwenye tai!

Karugendo kapiga simu asubuhi, sauti asali. Rozi alimuuliza lile gari la msiba ni la nani. Akamjibu ni la ofisi ya mkoa, wamewaazima wenzao wa Muleba ambao hawana kitu. Rozi kafurahi sana kuona wanavyosaidiana, na tayari kaandika. Gari ni la Bukoba. Petroli yetu iende Bukoba. Vipuri Bukoba. Dereva pia!

Nikauliza, na Muleba? Kasema kwa kuwa tunatembea kwa miguu, tumeongezewa buti.

Buti! Nilinguruma mpaka mahabusu wakaamka. Karugendo akaniuliza taratibu kama nataka kumwandikia Rozi kwamba gari ni langu, na kwamba nililificha migombani. Nikakata simu. Saa sita Anatory kaondoka nalo. Kanipungia mkono, mjinga yule, anacheka.

Kisha akaja Limi. Kasema tusijisumbue, wavuvi wameunda sungusungu na kuchanga petroli wenyewe. Leo wanawafuata wezi. “Nafasi ya afande ipo,” kasema, “ila aje na kasia lake.”

Nilikuwa na buti tu. Wakaondoka bila mimi.

Jumanne, 9 Februari.

Nimetulia. Nimefikiri. Nimeona kosa lilipo.

Kosa si uongo. Kosa ni kuficha! Asiye na gari hapewi petroli, mwenye nalo anapewa. Basi mwenye magari mengi atapewa ya kuoga! Watoto wa darasa la pili wangeliona hilo.

Mwaka ujao atakapokuja mtaalamu, nitampangia magari matatu uwanjani. Moja nitaazima parokiani, moja chama cha ushirika, moja shuleni. Nimeshampata fundi wa kuyaandika POLISI ubavuni, kwa chokaa, bei poa.

Naomba kitu kimoja tu. Siku hiyo mvua isinyeshe.